Mama Mkwe na Saa ya Mgongo

Mimi hufundisha somo ambalo wanafunzi wa fiziotherapia hulichukia kuliko mtihani wa mifupa: usimamizi na utawala. Wao wanataka kushika magoti, mimi nawapa ratiba. Mwaka mmoja msichana wa mtaa wa Manyatta, Kisumu, mwenye ulimi mkali, aliniambia wazi, "Madam, sikuja chuo kusomea ukarani." Nikamjibu, "Sawa. Basi wewe ndiwe utasimamia."

Nilimaanisha chumba cha mazoezi cha hospitali moja ndogo upande wa Kombewa, tulikopeleka wanafunzi kujifunza kazi. Daktari mkuu wa pale alikuwa amechoka kukiona kitupu. Alituambia bila kuzunguka: wagonjwa wasipoonekana mwezi huu, chumba kinakuwa stoo. Wenye shida ya viungo wangetafuta matibabu Kisumu mjini, na mtu aliyepooza mguu atafikaje huko kila wiki?

Msichana wangu alipanga kama nilivyofundisha. Wa mgongo saa yao, wa magoti saa yao, wote wakifanya mazoezi pamoja kwenye mikeka. Ratiba ilipendeza, jamani! Mwanzoni walikuja. Baadaye wakapungua, na siku moja nikamkuta amekaa peke yake chumbani, macho mekundu. Nilipandwa na hasira. Nikamwambia kulia si usimamizi, wagonjwa wana kwao, nenda ukawaulize.

Akapanda boda mpaka kwa baba mmoja aliyeumia mgongo akipakia mchanga. Yule baba alizungukazunguka weee, mwisho akasema, "Daktari, unanilaza chali, miguu juu, na mama mkwe wangu yuko mkeka wa pili! Afadhali nibaki na mgongo wangu."

Aliponisimulia nilicheka mpaka nikashika ukuta. Halafu nikaona aibu. Sisi sote ni watu wa huku. Tunajua mwanamume hali chakula mbele ya mama mkwe wake, hata mkono hampi, nasi tumewalaza pamoja kwa sababu wote wanaumwa mgongo.

Msichana akaifuta ratiba nzima. Akampigia simu kila mgonjwa, akamuuliza ni nani asingependa kumkuta pale, kisha akapanga upya. Hilo sikumfundisha mimi, lilitoka kichwani mwake, na nilijivunia kana kwamba nimemzaa.

Mwisho wa mwezi daktari mkuu alitokea na seremala aliyebeba mbao za rafu. Benchi la nje lilikuwa limejaa watu mpaka wengine wamesimama. Akataka kupita. Msichana akasimama mlangoni.

"Daktari, samahani. Kabla hujaingia, una mkwe humu ndani?"

Daktari mkuu alikuwa ameoa hapo hapo Kombewa. Akachungulia. Kwenye mkeka wa mbele mama mkwe wake alikuwa amelala chali, mguu mmoja hewani, akihesabu kwa sauti.

Alirudi nyuma kwa haraka hata akamkanyaga seremala.

"Rudisha hizo mbao," akamwambia. "Twende!"