Kitambaa cha Zamu

Nilikuwa na mwandiko mzuri. Hilo ndilo lililotukosesha kazi wanawake kumi na moja, na nalisema mwanzoni ili mtu asije akadhani nataka kusimulia makosa ya wengine tu.

Kiwanda kipo kando ya Barabara ya Kilwa, ukishapita Mtoni ukielekea Mbagala. Kinatengeneza mifuko ya salfeti, ile ya unga na mkaa. Wanaume wako kwenye mashine. Sie wanawake tulikuwa kwenye meza za kukata nyuzi: mfuko unakujia umeshashonwa, unaugeuza, unakata nyuzi zinazoning'inia, unapanga hamsini hamsini, unafunga. Meza moja watu wanne, wote vibarua. Asubuhi mnasimama getini, supavaiza anaita majina kutoka kwenye karatasi yake, asiyeitwa anarudi kwao. Kuna watu walikuwa wanaitwa hivyo kila siku kwa miaka sita, na kisheria bado walikuwa wageni wa siku moja.

Nilianza pale mwanangu akiwa na miezi mitatu na nusu. Baba yake simwandiki. Hakuwepo wakati ule, sioni sababu ya kumpa nafasi hapa.

Nyuma ya ukuta wa kiwanda kulikuwa na bibi muuza mkaa. Alikuwa na banda la mabati na mkeka mpana, na kwenye mkeka ule ndipo tulipokuwa tunaacha watoto. Kutoka mezani mpaka kwa bibi ni dakika nne ukitembea haraka. Kunyonyesha dakika kumi na tano, kama mtoto hana maringo. Dakika nne za kurudi.

Utaratibu niliukuta, na hakuna aliyejua nani aliuanzisha. Kulikuwa na kipande cha kanga ya njano, upana wa vidole vitatu. Mwenye zamu anakifunga mkononi, anatoka kwenda kunyonyesha. Akirudi anampa anayemfuata. Hapakuwa na orodha wala msimamizi wa zamu. Kila mtu alikuwa anamjua mmoja wa kabla yake na mmoja wa baada yake, basi. Aliyekuwa ananipa mie kitambaa ni dada mmoja wa Mtoni, mweusi, mfupi, mwenye mdomo. Ukitoka, watatu wanaobaki mezani wanavuta rundo lako upande wao. Hata wasio na watoto walikuwa wanavuta.

Siku ya kwanza supavaiza alinisimamisha mlangoni. "Nani kakuruhusu?"

Dada wa Mtoni akajibu kutoka mezani bila kuinua kichwa. "Karuhusiwa na titi lake, kaka. Lifokee hilo."

Meza tatu zikacheka. Supavaiza akanipisha. Alikuwa na sababu ya kunipisha: jioni mafungu yalikuwa yanatimia. Na angetaka kumkomesha kiongozi, angemkomesha nani? Aliwahi kuacha kumwita mmoja wetu mwezi mzima, kitambaa kikaendelea kuzunguka kama vile hakuna kilichotokea.

Kilichotushinda ni kufuli. Oda zikiwa nyingi, uongozi ulikuwa unafunga mlango wa nyuma mpaka saa kumi. Siku hizo blauzi zinalowana, unasikia watoto upande wa pili wa ukuta, na unajifunza kutofautisha kilio cha wako na vilio vingine kumi na kimoja. Nilikuwaga nakata nyuzi naota kuichoma ile ofisi ya juu. Sikuwa natania.

Ndipo chama kikaja. Katibu wa tawi, mwanaume nadhifu mwenye kalamu mbili mfukoni, alikuwa anatafuta wanachama kabla ya Mei Mosi. Alituletea semina kwenye bwalo la chakula, soda moja moja, na mkufunzi, mzee mmoja aliyekuwa mwalimu zamani.

"Shikamoo mwalimu," tukasema wote.

"Marahaba wanangu. Nani anajua Mei Mosi ilitoka wapi?"

"Serikalini," akasema dada wa Mtoni.

Mzee akatabasamu, akatuambia. Wafanyakazi wa mji mmoja Marekani, zaidi ya miaka mia iliyopita, waligoma wakitaka kufanya kazi masaa manane kwa siku. Kwenye mkutano mmoja mtu akarusha bomu, polisi wakafa. Aliyelirusha hakujulikana mpaka leo. Wakanyongwa wanaume wanne, na kosa lililoonekana wazi ni yale waliyokuwa wakihutubia na kuandika magazetini.

Niliuliza kama walikuwa viongozi wa chama.

"Walikuwa ndani ya vyama, ndiyo. Lakini wenyewe walijiita waanakisti. Watu wasiotaka mkubwa. Hawataki bosi, hawataki serikali, hata mwenyekiti wanamtilia shaka."

"Sasa kazi zao zinaendaje?"

"Wanakubaliana," mzee akasema. "Wanapeana zamu."

Dada wa Mtoni akanyanyua mkono wake, kitambaa cha njano kikaonekana. Sie tuliokuwa karibu tukaziba midomo kwa viganja.

Katibu hakupenda. Akasimama, akamshukuru mzee, akasema, "Na ndiyo maana wakanyongwa. Pasipo uongozi ni vurugu. Haya, nyie akina mama, kiongozi wenu nani?"

"Hatuna."

"Masaa ya kunyonyesha mnaombaje?"

"Hatuombi," akasema dada wa Mtoni. "Tunaenda."

"Na mlango ukifungwa kufuli?"

Sitamnyima haki yake: lilikuwa swali zuri, na hatukuwa na jibu.

Akatueleza kwamba sheria inampa mama anayenyonyesha mpaka masaa mawili kwa siku, ndani ya muda wa kazi. Sikuwahi kulisikia hilo. Nilihisi kama mtu aliyekuwa anaiba embe miaka yote akaja kuambiwa shamba ni la baba yake. Kinachotakiwa, akasema, ni barua na orodha. Jina kamili, umri wa mtoto, saa ya zamu. "Nani ana mwandiko mzuri?"

Wakaninyooshea mie kidole. Nilimaliza kidato cha nne, na walikuwa wananiita mwalimu kwa utani. Nilifurahi. Naandika hapa nikiona aibu, lakini nilifurahi sana. Niliazima rula, nikapiga mistari, nikamzungukia kila mmoja kwenye meza yake wakati wa chakula.

Dada wa Mtoni peke yake alikataa. "Mwalimu, mie niruke."

"Ni haki yako hii."

"Haki yangu naijua. Niruke."

Nikamruka, nimenuna. Nilimwona mwoga. Wengine wote niliwaandika, na jina langu nikaliweka la kwanza. Hapo kabla hakuna mtu aliyewahi kutujua wote. Sasa tulikuwa kwenye karatasi moja, juu mpaka chini, na nadhani nilikuwa na fahari kama ya mpiga picha.

Mei Mosi tuliandamana. Fulana mpya, kofia, bango lenye maneno ya katibu kuhusu mshikamano na tija. Mwanangu nilikuwa nimembeba mgongoni. Tulipofika mbele ya mgeni rasmi tulipunga mikono, naye akapunga. Nilimfikiria yule mzee wa semina na wanaume wake wanne. Walikufa wakisema hawataki mkubwa, na sisi siku yao tunaiadhimisha kwa kupita mbele ya mkubwa na kumsalimia. Wazo lile lilipita tu. Jua lilikuwa kali, na nilikuwa na matumaini.

Jumatatu iliyofuata supavaiza alisoma karatasi yake getini. Akaita, akaita, watu wakaingia. Tuliobaki tukaanza kuangaliana. Mie nilijua kabla hajamaliza, maana ile orodha nilikuwa nayo kichwani. Waliobaki ndio hao hao, kumi na moja, hakuna aliyezidi wala kupungua.

Nilimpigia katibu.

"Dada yangu, pole. Tatizo nyie ni vibarua. Kutokuitwa si kufukuzwa. Tunalifuatilia kwa utaratibu."

"Orodha waliipata wapi?"

"Ilikuwa kiambatisho cha barua."

"Uliwapa majina yetu."

"Ndiyo utaratibu, dada. Na ndiyo nilisema mchague kiongozi. Mngekuwa na kiongozi ningejua pa kuanzia."

Nikakata simu. Nikazunguka nyuma ya ukuta, nikakaa kwa bibi muuza mkaa mpaka adhuhuri nikisikiliza mashine. Nilikuwa nasubiri zinyamaze. Watu walionivutia rundo kila siku, nilijiambia, hawawezi kukata nyuzi leo kama kawaida. Zingekwama hata dakika kumi ningeridhika. Hazikukwama. Bibi akanipa maji, akasema, "Mnyonyeshe mtoto, mjukuu wangu, analia." Na kweli alikuwa analia, nilikuwa sijamsikia.

Siku zilizofuata nilisoma kwenye simu, bando likiisha namwazima jirani. Nilitaka kujua wale waanakisti na vyama waliishiaje. Waligombana tangu mwanzo. Waanakisti walikuwemo kwenye vyama, wengine walivijenga, kwingine wakafukuzwa humo humo walimojenga. Upande mmoja unasema: bila ofisi, barua na kiongozi, tajiri atawaokota mmoja mmoja. Upande wa pili unasema: ofisi ukishaijenga itaanza kulinda kiti chake. Wameandikiana vitabu na vitabu. Mie nimeona yote mawili yakitimia ndani ya wiki moja, kwenye Barabara ya Kilwa, na hakuna hata mmoja kati yao aliyenisaidia kupata uji.

Maana haki yangu niliipata. Niliomba masaa mawili ya kunyonyesha, nikapewa ishirini na nne. Nikakaa nyumbani na mtoto kifuani kutwa, na mwezi wa pili maziwa yakaanza kukata. Maziwa yanatoka kwenye chakula. Hilo katibu hakuliambatisha popote.

Dada wa Mtoni alikuja kuniona. Alileta kilo ya unga na muhogo. Tulikaa kizingitini, hatukuangaliana sana.

"Siku hizi getini wanauliza," akasema. "Unanyonyesha? Ukikubali, huingii. Wapya wenye watoto wanajifunga vitenge kifuani, wanakaza mpaka jioni. Mie pia."

"Kitambaa kiko wapi?"

"Ninacho. Nafungia funguo."

Nikamuuliza lile nililolibeba tangu Jumatatu ile ya getini. "Kwa nini siku ile hamkutoka?"

"Nani angesema tutoke?"

"Yeyote."

"Yeyote ni nani, mwalimu? Wa kabla yangu yuko nje. Wa baada yangu ni wewe, uko nje. Nilikuwa namjua nani tena mle ndani? Tuliangaliana. Kila mtu alimsubiri mwenzake aweke mkasi. Hakuna aliyeweka, tukaendelea." Akamvuta mwanangu, akampakata. "Na wewe uliandika."

"Niliandika."

"Basi."

Hatukugombana. Ningependa tungegombana.

Mwanangu sasa ana miezi minane, mchana yuko kwa jirani. Nilipata kazi kiwanda kingine, upande wa Buguruni, tunapanga na kufunga biskuti. Siku ya kuandikishwa kijana wa ofisini aliniuliza, bila kuniangalia, kama nina mtoto mdogo. Nilikuwa nimejifunga kitenge tangu alfajiri, mbavu zinauma.

"Sina," nikasema.

Akaandika. Mwandiko wake ulikuwa mbaya. Niliangalia ile kalamu ikimfuta mwanangu, nikamwambia asante kaka.

Wiki iliyopita kulikuwa na binti mgeni mezani kwetu. Mdogo, hata miaka ishirini sidhani. Ilipofika saa nne nikaona blauzi yake imelowa madoa mawili, na yeye anainama zaidi na zaidi juu ya boksi ili yasionekane. Nilimwangalia muda mrefu kuliko inavyostahili. Sikutaka kuanza tena. Sikutaka kumjua jina, na mpaka leo simjui.

Nikalivuta rundo lake upande wangu.

"Mlango wa choo unatokea nje," nikamwambia. "Nenda."

"Na wewe, dada? Tupange basi, niandike saa yako..."

"Usiandike kitu," nikasema. "Nenda. Mie sina mtoto, nina muda."