Malambo Wamejitenga

Nina duka la dawa za mifugo Karatu mjini, nyuma ya soko. Mimi ni mtoto wa wakulima wa Endabash, na kabla ya biashara hii ng'ombe niliowajua vizuri ni wale wachache wa baba. Aliyenifundisha ng'ombe ni mzee mmoja mfugaji wa kijiji cha Malambo, ng'ambo ya kreta, mteja wangu wa kwanza kutoka kule. Hajui kusoma, kwa hiyo alizoea kunitumia sauti kwa WhatsApp, akieleza ng'ombe anasimamaje, anakohoaje. Mara nyingine alisogeza simu kwenye pua ya mnyama ili nisikie mwenyewe. Namuuliza ofisa mifugo, dawa inapanda Land Rover ya abiria wa Malambo, mambo yanaisha. Tuliishi hivyo miaka.

Siku ya uchaguzi intaneti ikazimwa. Mchana tulidhani ni kawaida yake, jioni tukaelewa. Baadaye hata simu za kawaida upande wa Malambo zikawa haziingii. Redio ilipiga nyimbo na kutuambia hali ni shwari, na mtu akikuambia hali ni shwari asubuhi, mchana na jioni, lazima uanze kuhesabu watoto wako.

Siku zikawa majuma. Gereji ya jirani yangu ikawa ndiyo kituo cha utangazaji. Pale nilisikia kwamba mnara wa simu umetekwa, kwamba wakubwa wamekimbia, kwamba mikoa yetu ya kaskazini inajitenga. Fundi mmoja alipanga serikali nzima akiwa amelala chini ya gari. "Sisi tuna kreta, bwana. Tunaweka viza pale getini. Mzungu alipe, na wa Dar naye alipe." Tulicheka. Mimi nilicheka sana, na kicheko kile kinaniuma mpaka leo.

Ndipo likaja lori la mbuzi kutoka juu, upande wa Malambo. Dereva alisema amekutana na vijana njiani, nao wameambiwa na wengine waliotoka Malambo: Malambo wamejitenga, hawataki gari liingie. Safari hii hakuna aliyecheka. Kila mtu alijua wafugaji wa kule wana sababu zao, maana ni miaka sasa wanaambiwa wapishe wanyamapori, wahame. Mpaka jioni, pale gereji, Malambo walikuwa wameshang'oa mnara, wamefunga barabara na kuchagua kiongozi wao.

Dereva wa Land Rover akaegesha gari nyumbani kwake. Nilimfuata nikamwambia kule tuna wateja, tuna watu.

"Dada, mimi nina familia," akanijibu. "Nikifika nikaulizwa pasipoti, nitatoa nini?"

Ofisa mifugo naye alisema hatoki mpaka apate maelekezo. Maelekezo hayo yangetoka kwa nani, hakusema. Nilirudi dukani nikakaa. Nilijiambia mzee yule ana akili nyingi, hawezi kukosa pa kujificha.

Mtandao uliporudi, simu yangu ilitetemeka juu ya kaunta mpaka ikakaribia kuanguka. Sauti za mzee zilikuja kwa mkupuo. Kumbe kila siku alikuwa anapanda kilimani kurekodi, akiamini iko siku zitaondoka.

"Mama, kimeta kimeingia," alisema katika ile ya kwanza. "Tumejitenga. Ng'ombe wagonjwa huku, wazima tumewapandisha kule. Waambie wanunuzi wasije, gari la mnada lisiingie. Lakini chanjo ije, mama. Wazima bado ni wengi."

Katika ya pili aliuliza kama nimesikia. Katika zilizofuata wazima hawakuwa wengi tena. Ya mwisho ilikuwa upepo tu, na mtu anapumua. Nilifunga duka nikalia, mtu mzima mimi, na wateja wanagonga mlango.

Tulikwenda kesho yake, mimi na ofisa mifugo, boksi la chanjo likiwa kati ya miguu yetu. Hakukuwa na kizuizi popote. Mnara ulikuwa umesimama mahali pake. Kabla ya boma la mzee tulipita mashimo mapya, moja baada ya jingine, yamefunikwa miiba ili fisi wasifukue mizoga. Ofisa aliwachanja ng'ombe waliobaki, na kazi hiyo haikumchukua muda.

Nilimweleza mzee kwa nini hatukuja. Ilibidi nirudie, maana mara ya kwanza alidhani Kiswahili changu kimempita.

"Tujitenge twende wapi, mama?" akauliza. "Sisi miaka yote tunaomba tusiondolewe."

Hakukasirika. Ningefurahi kama angekasirika, kwa sababu ningepata cha kujibu. Aliniambia nikae kwenye kigoda, akamwita mkewe alete chai. Ililetwa katika kikombe cha bati, ya moto, yenye sukari nyingi, nayo ilikuwa ya rangi. Mke wa mzee alisimama mbele yangu akitazama chini, akaniomba radhi kwamba maziwa hakuna.