Bibi na Mchanga Uliokuwa Ukilia Bluff

Wiki iliyopita mwenzangu kazini, huku Pinetown, kando ya Durban, alirudi kutoka likizo akanionyesha kwenye simu jangwa alilotembelea. Matuta ya mchanga yanayoimba, na katikati yake chemchemi yenye mitende. Alisafiri siku mbili kwenda kuyasikia. Nikamwambia mimi niliyasikia nikiwa na miaka tisa, hapahapa Durban, kwa kupanda teksi mbili tu. Akacheka, akadhani namtania. Sikuwa na moyo wa kumweleza. Wewe ngoja nikueleze.

Kulikuwa na tuta kule Bluff, nyuma ya vichaka vya ufukweni, refu kupita nyumba ya ghorofa. Siku za jua kali ukiteremka juu ya kipande cha boksi, mchanga ulilia chini yako, mlio mwembamba kama wa sahani safi ikisuguliwa kwa kidole. Upande wa pili, usioiona bahari, palikuwa na chemchemi ya maji baridi iliyozungukwa na migomba-mwitu. Mwalimu wa madrasa alikuwa ametufundisha habari za majangwa, nami niliamini kabisa kwamba Mungu alituwekea la kwetu ili tusihangaike na safari.

Nyumba ya bibi ilikuwa hatua chache kutoka kwenye ile chemchemi. Hapo alizaliwa, hapo aliolewa. Kisha serikali ya zamani, ile ya ubaguzi, ikawahamisha wote kwenda mtaa wa Chatsworth, mbali na bahari, ikabomoa nyumba, na watu wakaambiwa washukuru. Lakini mwishoni mwa miaka ya tisini, kila mwezi, bibi alinichukua tukachote maji Bluff. Alisema chai ya maji ya bomba ina ladha ya serikali. Tulibeba madumu mawili, mkate wa kumimina na sambusa. Mimi niliondoa majani yaliyoangukia majini; yeye alikaa akinionyesha jiko lilipokuwa, na kamba ya kuanikia nguo. Alitaka kitu kimoja tu: arudi aishi pale, na afie pale. Alilisema kila mara, bila kupandisha sauti.

Serikali mpya ilipoanza kuwasikiliza walionyang'anywa ardhi, bibi akapeleka jina lake. Asubuhi moja afisa kijana akaja na faili tumwonyeshe mahali. Bibi alitandika mkeka pale palipokuwa sebule yake.

"Karibu sambusa, mwanangu," akasema.

Kijana akachukua papo hapo, akala tatu. Kwetu ukikaribishwa unakataa kwanza. Unasema umeshiba, wasijisumbue. Mwenyeji anakusisitiza, na mara ya pili au ya tatu ndipo unanyoosha mkono.

"Eish, huyu hakukataa hata kidogo," bibi akaninong'oneza. "Ana njaa kwelikweli." Tukacheka chinichini.

Kizulu bibi alikijua vizuri, lakini kwa mazungumzo yale alitaka lugha ya kwetu, aliyoizungumza ndani ya nyumba ile. Afisa alijua Kiingereza tu, kwa hiyo mkalimani nikawa mimi. Aliuliza vyumba vilikuwa vingapi, mlango ulitazama wapi, jirani alikuwa nani. Mwisho akauliza kama bibi angependa, mambo yakikubali, kurudi kuishi hapa.

Nikatafsiri. Bibi akainamisha kichwa, machozi yakimlengalenga. Akasema, "Mwambie ahsante sana. Asijisumbue kwa ajili ya kikongwe kama mimi. Pale tulipo panatosha."

Nilitafsiri hivyohivyo, neno kwa neno. Kijana akaandika. Alipokwisha kuondoka, bibi aliendelea kutazama njia aliyopita gari. "Atauliza tena," akasema, na uso wake ulikuwa na furaha.

Akangoja. Alimkataza mama kupaka rangi nyumba ya Chatsworth, eti ya nini, na sisi tunahama. Barua ilipokuja ilisema kwamba mwombaji alichagua kubaki anapoishi. Bibi aliniamuru niisome mara mbili. "Mtu gani huyu anauliza mara moja?" akasema. "Hawakumfundisha adabu kwao?" Akaendelea kuuliza hivyo mpaka mwisho wake, nami nikawa naitikia kwa kichwa.

Nilikwenda mwaka jana. Tuta limepandwa majani na kuzungushiwa uzio. Mchanga ukichafuka haulii tena. Nilijaribu kwa kisigino, kimya. Chemchemi imefukiwa, sijui na nani. Niliondoka kwa hasira, na hasira yenyewe sikujua nimpelekee nani zaidi ya mimi mwenyewe.

Maana liko jambo ambalo sikumwambia bibi, wala mama, wala mtu yeyote. Bibi alipotugeuzia mgongo kummiminia kijana chai, yule kijana aliniinamia akaniuliza taratibu, "Una hakika ndivyo anavyotaka?" Nilimjua bibi yangu. Nilijua kwamba ile ilikuwa hapana ya kwanza tu, ya adabu. Lakini nilikuwa nimekaa kitako tangu asubuhi, jua lilishaukausha mchanga, na boksi langu lilikuwa juu ya tuta likiningoja. Nikamjibu ndiyo, nikakimbia kwenda kuteleza.

Bibi tumemzika Chatsworth, na alikufa akiamini hakuulizwa tena.