Anayemimina Aonje Kwanza

Mimi simwamini mtu anayeimba akiosha vyombo vya nyumba isiyo yake. Huyo mwanamke alikuwa akiimba nyimbo za kanisa jikoni kwa mama yangu, pale Kamenu, siku ya kwanza nilipomkuta. Aliponiona akafuta mikono kwa aproni ya mama, akanikumbatia. Baba alikuwa sebuleni anatazama taarifa ya habari kana kwamba ni jambo la kawaida kabisa. Mama alikuwa na mwaka mmoja na kitu kaburini.

Nilimwita anti. Kumwita mama singeweza, na jina lake lilinikwama kooni. Baba hakunieleza alitoka wapi, alisema tu kwamba ni rafiki na kwamba chakula chake kina chumvi ya kutosha. Nikarudi Ruiru siku hiyo nikiwa nimefura. Nilimwambia mume wangu kwamba kuna mtu amekuja kutafuta shamba la Murera. Baba ana kipande cha ardhi huko, na siku hizi kila mtu anajenga Murera.

Lakini shamba halikuwa ndilo lililoninyima usingizi. Ni glasi.

Tangu tumzike mama, baba alikuwa akinywa vodka kavu kwa kikombe cha chai, ili jirani akiingia adhani ni maji ya moto. Daktari aliyempima huko Thika alituambia ini limechoka na kwamba akiendelea hivyo hatutakuwa naye muda mrefu. Baba alisema daktari mwenyewe ni mtoto, hata ndevu hana. Mimi nilipiga kelele, nikalia, nikamwaga chupa nzima kwenye sinki mbele yake. Kesho yake alituma mtu akamletea nyingine, na wiki kadhaa hatukusemezana.

Kisha anti akaja, na kinywaji kikabadilika. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwa baa ya hoteli moja Mombasa, na huko ndiko alikojifunza kuchanganya. Vipimo viwili vya vodka, kipimo kimoja cha pombe tamu ya lozi, ile yenye rangi ya chai ya rangi, barafu nyingi, anakoroga kwa kijiko kirefu, basi. Hakuna juisi, hakuna kipande cha limau. Jumapili baada ya kanisa, mbele ya baba, mezani. Nyumba nzima ilinuka keki.

Nilitafuta kwenye simu nikaona kwamba wazungu wanakiita mama wa ubatizo. Hilo jina halikunituliza hata kidogo.

Kwetu anayemimina huonja kwanza, mgeni aone hakuna kitu ndani. Wazee walifanya hivyo na muratina, pombe yetu ya kienyeji, siku za kupeleka mahari, na baba hakuwahi kuacha. Kwa jinsi watu huku wanavyopofushwa na pombe za chupa zisizojulikana zilikotoka, hata vijana wameanza kuona maana yake. Kwa hiyo anti alionja. Alipiga funda dogo, akafumba jicho moja, akakunja uso kama mtu aliyepewa kwinini, akakohoa, ndipo akampa baba glasi.

Huo uso ndio ulionishtua. Mtu aliyekaa nyuma ya kaunta ya baa miaka yote hiyo, akohozwe na funda moja? Nilijua naangalia mchezo. Kila Jumapili jicho ni lile lile, kikohozi ni kile kile.

Nikaanza kuhesabu mengine. Chupa ya vodka alikuwa anaifungia kwenye kabati la vyombo, na ufunguo aliuvaa shingoni. Chupa ya lozi aliiacha ovyo jikoni. Kwa nini moja tu? Baba alikuwa amekonda. Miguu yake iliyokuwa imevimba ikawa myembamba, soksi zikamlegea. Alilala mapema. Aliacha kugombana na mimi, na baba yangu kuacha kugombana si dalili nzuri. Nilimuuliza mume wangu kama kuna sumu inayonuka lozi. Alinitazama akasema, "Kuna. Na wewe unaangalianga sinema sana."

Siku moja nilibeba glasi ya baba kwenda kuiosha, nikalamba kilichobaki. Kilikuwa laini, kitamu, kama ice cream iliyoyeyuka. Hakikuchoma popote. Nikajiambia, hapa kuna kitu kimewekwa kuficha kitu.

Ndiyo maana niliamua kukitengeneza mwenyewe nyumbani, nijue kinavyotakiwa kuwa. Mimi ni mtu wa kwaya. Nilikwenda duka la pombe upande wa pili wa Ruiru ambako hakuna anayenijua, nikiwa nimejifunga leso kichwani, nikauliza vodka kwa sauti ya mtu anayeuliza dawa ya minyoo. Nilikagua stempu ya ushuru hadi muuzaji akaniuliza kama nimetumwa na serikali. Chupa ya lozi ilikuwa ghali, nikaomba ile ndogo kabisa.

Nyumbani sikuwa na kipimo, nikatumia kifuniko cha dawa ya kikohozi ya watoto. Viwili, kimoja, barafu, koroga. Nikanywa. Wee! Kiliniwasha kuanzia ulimi hadi tumboni, machozi yakanitoka. Utamu ulikuwepo, lakini ulikuja nyuma, baada ya moto. Nikajaribu tena siku nyingine nikiongeza lozi, bado moto. Mume wangu alinikuta nimekaa peke yangu jikoni na glasi, akavuta kiti. "Sasa umeanza lini?" akauliza. Nilimwambia ni uchunguzi.

Chupa niliificha kwa friza chini ya maharagwe. Asubuhi nilipoitoa ilikuwa nzito kidogo lakini inatiririka vizuri tu, wakati maharagwe yalikuwa jiwe. Nikadhani friza inakufa. Mume wangu akacheka, akasema vodka haigandi kwa friza ya nyumbani, hata ikae mwezi. Ndivyo nilivyojifunza hilo.

Jumapili iliyofuata, nikijifanya najua sana, nilimwambia baba wakati anti yuko nje anaanua nguo, "Watu wanawekanga vodka kwa friza, inakuwa tamu zaidi." Nilitaka tu kuona kama atamwomba ule ufunguo.

Akauomba kweli. Nilipofika Jumapili nyingine anti alikuwa bado hajatoka kanisani, ana mkutano wa akina mama. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake, amevaa shati safi, anafurahi kama mtoto.

"Mami," akaniita, maana mimi nina jina la mama yake, "nimeweka ile chupa kwa friza asubuhi, vile ulisema. Nilimwomba huyo ufunguo nitoe sahani, akaniachia. Lete tuone."

Nilifungua friza. Chupa ilikuwa imeganda. Ukuta mweupe wa barafu umeshika kioo pande zote, na katikati kulikuwa na shimo jembamba la maji yaliyobaki. Niliitikisa, haikutikisika. Nilifurahi, sitasema uongo. Nilikuwa nimemkamata. Iwe feki, iwe nini, hiyo haikuwa vodka, na baba alikuwa akiinywa.

Niligeuka nimpelekee, nikamkuta anti mlangoni, bado na kitambaa cha kanisa kichwani. Aliiona chupa. Alifunga mlango wa jikoni nyuma yake taratibu.

"Hii ni nini umekuwa ukimpa?" nilisema.

"Ni maji," akanong'ona.

"Maji?"

"Tangu Krismasi natoa kidogo, naongeza maji. Wiki hii kidogo, wiki ingine kidogo. Saa hii ni maji karibu yote. Hiyo ya lozi ndiyo inamdanganya mdomo. Ndiyo maana nikamletea hiyo."

"Ungeniambia."

"Wewe?" Hakusema kwa ubaya. "Wewe ungemwambia siku ile ile mkigombana. Halafu uende Ruiru. Mimi ndiye nabaki naye."

Nilisimama pale na chupa ikinichoma viganja kwa baridi, nikiwaza zile soksi zinazolegea, ile miguu. Nilikuwa nimeyaona yote na kuyaweka upande usiofaa.

"Mami!" baba akaita. "Chupa imepotea?"

Anti alinitazama. Akili yake niliisoma wazi: baba akiiona hiyo barafu, leo leo atatuma mtu dukani, na chupa itakayokuja hataruhusu mtu mwingine kuigusa tena. Kikombe cha chai kitarudi.

Nilichukua glasi. Nikainamisha chupa, yale maji ya katikati yakatoka, vipimo viwili, labda zaidi. Anti akaongeza lozi bila kuambiwa. Barafu, kijiko kirefu. Chupa akaizamisha kwenye beseni la maji na kulifunika kwa taulo.

"Ninakuja, baba," nikasema.

Nilimpelekea. Hakuipokea glasi. Aliiangalia, kisha akaniangalia, na nikaona baba yangu wa zamani, yule asiyeamini hata chenji ya mama mboga.

"Mbona umemimina jikoni?"

"Barafu ilikuwa inayeyuka."

"Chupa iko wapi?"

"Anti anaipangusa. Ilikuwa imetoa jasho."

Akatazama jikoni. Anti alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mikono ndani ya aproni ya mama.

"Onja," baba akasema.

Nilionja. Maji baridi yenye harufu ya keki. Yangeweza kunywewa na mtoto wa Sunday school. Na pale ndipo nilipouelewa ule uso niliouchukia miezi yote. Nikafumba jicho moja. Nikakunja uso mpaka masikio yakauma. Nikakohoa, na kikohozi kikatoka kizuri kuliko nilivyotarajia, kwa sababu nilikuwa karibu kulia.

Baba akacheka, akanipiga mgongoni kwa kile kiganja chake kilichokomazwa na kazi ya kiwandani. "Pole pole, Mami. Hiyo si maziwa."

Alichukua glasi, akanywa, akashusha pumzi. Akasema kweli kuweka kwa friza kunaongeza nguvu.

Kuhusu shamba la Murera bado namwangalia anti kwa jicho kali, na yeye anajua. Lakini Jumapili, akiwa kwenye mkutano wa akina mama, ufunguo huniachia mimi.