Mshairi wa Pwani Kutoka Tena

Miaka ya tisini, nilipokuwa nikiishi na dada yangu katika chumba kimoja pale mtaa wa Tena, niliamini kwamba mshairi wa kweli lazima atoke Pwani. Sisi tulikuwa wa Kakamega, mbali na bahari. Basi nikajitengeneza. Dada, aliyekuwa akishona nguo kiwandani, alinishonea kanzu na kofia. Nikajipa jina la kisanii refu lenye "bin" katikati, kisha nikaanza kuongea Kimvita, lahaja ya Mombasa, nilichookota redioni: njoo nikaiita ndoo, njaa nikaiita ndaa. Vijana wa mtaani wakinisalimu, "Niaje?", niliwajibu kwa salamu ndefu mpaka wakaondoka kabla sijamaliza.

"Siku hizi hata ugali unaula kwa madaha," dada alinitania.

Jumamosi moja nikaalikwa kusoma mashairi ukumbini Makadara. Watu walijaa. Nilipanda jukwaani polepole, nikainua mkono, nikaanza shairi langu kuhusu muuza njugu wa karibu na mahakama. Kwa kuwa njoo ilikuwa ndoo, nikaona njugu nayo lazima iwe ndugu. Nikanguruma:

"Ndugu za moto! Ndugu za kukaanga!"

Mama mmoja aliyejitanda leso, safu ya mbele, akashika kifua.

"Ewe mwanangu, huko kwenu ndugu wakaangwa?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Dada alijifunika uso kwa mkoba, mabega yakimtetemeka.

"Mimi nimezaliwa Mombasa," mama akaendelea. "Wewe watoka mtaa gani?"

"Natoka Tena, mama."

"Na kabla ya Tena?"

"Kakamega."

Nilidhani watanizomea. Badala yake wakapiga makofi, na yule mama akanipungia mkono. "Basi tusomee kama mtu wa Kakamega! Twakusikiliza."

Nikavua kofia, nikaanza upya kwa matamshi ya nyumbani, nikipaza sauti kama muuza njugu mwenyewe. Kila nilipofika mwisho wa ubeti, ukumbi mzima ulinunua: "Nipimie!" Sikuwahi kufurahi hivyo mbele za watu.

Baadaye mama alitungoja mlangoni, akatukaribisha kwake Jumapili. Tulikwenda. Alinisahihisha maneno mengi huku akimimina chai ya tangawizi, na dada akala mahamri mpaka akalazimika kulegeza mshipi.