Gauni Jeupe na Pedi ya Bure

Juzi mvua ilinifukuzia wateja dukani, hapa Makambako, nikabaki na binti yangu tunaangalia simu. Likatokea tangazo la pedi. Wasichana watatu wanacheza mpira wa kikapu, mmoja anageuka na kusema kwa mdomo wake mwenyewe kwamba yuko kwenye siku zake. Binti akalipitisha kwa kidole. Nikamwambia alirudishe.

"Mama, ni tangazo tu."

Tangazo tu. Mimi tangazo kama hilo nusura linitie aibu mbele ya usharika mzima, na hadi leo siwezi kulipita bila kulitazama.

Enzi zetu matangazo ya pedi yalikuwa hayasemi kitu. Redioni sauti tamu ya kike ilitaja "siku zile" na "kujiamini", usiyejua ungedhani wanauza dawa ya usingizi, na hata hivyo mama alipunguza sauti. Dukani muuzaji aliifunga pedi kwenye gazeti, gazeti akalitia kwenye mfuko mweusi, ukitoka nje kila mtu anajua umebeba nini, maana hakuna bidhaa nyingine iliyofungwa hivyo.

Nilikuwa darasa la saba, Njombe, walipokuja shuleni watu wa promosheni. Wasichana tukaingizwa darasani, mlango ukafungwa. Dada mmoja mwenye fulana ya kampuni akamimina maji ya bluu juu ya pedi, akaigeuza juu chini, halikudondoka tone. Kwa nini bluu, hakuna aliyethubutu kuuliza. Akatugawia pedi moja moja, na karatasi yenye picha ya msichana aliyevaa suruali nyeupe, ameruka, miguu haigusi chini. Vaa unachotaka, siku yoyote, iliandikwa hivyo.

Sasa, kwetu sisi Walutheri wa huku, msichana anavaa nyeupe kuanzia juu hadi chini siku ya kipaimara. Yangu ilikuwa imebaki wiki tatu, na nilishahesabu kwa vidole: siku zangu zilikuwa zinaangukia palepale. Tena gauni halikuwa langu. Lilikuwa la mama mdogo, mdogo wake mama, aliyekuwa akiishi Makambako, na binti yake alikuwa alivae Jumapili mbili baada yangu. Kulichafua lile gauni ilikuwa ni kuwaharibia watu wawili.

Mama alikuwa amenifundisha kutumia vitambaa vya kitenge chakavu, kwa maneno yasiyozidi kumi. Kwa ukungu wetu vilichukua siku mbili kukauka, vimefichwa chini ya nguo nyingine karibu na jiko. Shuleni aliyekuwa kwenye siku zake alifunga sweta kiunoni, na kwa baridi ya Njombe sweta hukosi. Lakini juu ya gauni la kipaimara sweta ni marufuku.

Asubuhi ya siku yenyewe mama alinikuta nimeshika ile pedi.

"Hicho kitatosha?"

Nikampa karatasi. Akaisogeza dirishani, akaitazama muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Akaniuliza tena kama kitatosha. Nikamwambia wameimwagia maji mbele ya macho yetu. Akavirudisha kikapuni vitambaa alivyokuwa ameniandalia. Nilijiona mjanja kweli kweli.

Yule dada wa fulana hakuwahi kukaa kwenye ibada yetu ya kipaimara. Kwaya nne, maswali ya katekisimu, mahubiri, kuwekewa mikono, meza ya Bwana. Halafu nje, mnada wa sadaka: mahindi, viazi, maparachichi, na jogoo mmoja aliyegombewa na wazee wawili, kila mmoja akikataa kushindwa na mwenzake. Sisi wenye nguo nyeupe tumepangwa mstari mbele ya watu. Hapo nikahisi unyevu, nikajua yameshanifika. Nilitamani ardhi inimeze.

Kabla sijageuka, mama alikuwa nyuma yangu. Alikuwa amevaa vitenge viwili. Akafungua cha juu akanifunga kiunoni.

"Baridi hii itamuua mtoto," akasema kwa sauti ya kusikika. Njombe hakuna anayebishana na maneno hayo.

Nyumbani wageni walipoanza kula, nikajifungia chumba cha uani na gauni. Niliogopa, nikataka doa liondoke kabla mtu hajaliona. Maji ya bomba yalikuwa barafu, na kwetu kila kitu cha maana tunakifanya kwa maji ya moto, kuanzia kunawa uso. Nikachukua sufuria ya maji ya moto jikoni nikalimwagia. Doa likageuka kahawia mbele ya macho yangu, likang'ang'ania. Mama akaingia, akaangalia beseni.

"Umelipika, mwanangu."

Tulijaribu chumvi, limau, sabuni ya mche, wapi. Jumamosi akanikunjia gauni kwenye mfuko, akanipandisha basi nilipeleke mwenyewe.

Njia nzima nilikuwa na hasira naye. Mtu mzima, anajua ibada inavyochukua muda, kwa nini hakunikataza?

Mama mdogo alikuwa fundi cherehani. Alilitandaza gauni mezani akalitazama.

"Mama yako alijua uko kwenye siku zako?"

"Alijua."

"Na akakuachia uvae?"

Nikaona pa kutokea. Nikasema ndiyo, yeye ndiye aliyeniachia, angesema neno moja tu haya yote yasingetokea. Nilimsema mama yangu mzazi, na sauti nikapandisha.

Mama mdogo akaninyamazisha kwa mkono. Akasema kipande cha nyuma atakitoa aweke kingine, binti yake atavaa, hilo si neno. Kisha akavuta kiti.

"Gauni hili lilishonwa kwa ajili ya mama yako. Asubuhi ya kipaimara chake akaingia mwezini. Bibi yako akamvua, akasema msichana wa hivyo hapandi altareni na nguo nyeupe. Wenzake wakaenda, yeye akabaki anasonga ugali wa wageni. Mwaka uliofuata nikalivaa mimi. Mama yako alikuja kupata kipaimara ukubwani, wewe uko mgongoni, amevaa sketi ya bluu."

Nilirudi Njombe jioni hiyo hiyo. Mama alikuwa barazani anachambua maharage.

"Limepokelewaje?"

"Litarekebishwa." Nikakaa karibu naye. "Mama mdogo ameniambia. Ya kipaimara chako."

Vidole vyake vikasimama kidogo kwenye ungo, kisha vikaendelea.

"Wewe ulipanda na wenzako," akasema. "Mengine tutafua."