Nafasi Iliyopanda Ghorofani

Katika wodi ya watoto walimwita Shangazi, maana mtoto aliyegoma kumeza dawa kwa mama yake aliimeza kwake. Kazi ya uuguzi aliipenda, ila miguu yake ilikuwa imechoka. Mumewe alizoea kumtania kwamba ameoa askari wa doria.

Basi alipoombwa ahamie ofisini, hakujivunga. Makao makuu yalidai taarifa kila kukicha, na ghorofani walitaka mtu anayeijua kompyuta na mambo ya wodini pia. Mwenzake wa zamu, muuguzi kijana mwenye maneno mengi, alimkumbatia akimwambia kwamba sasa atatibu karatasi, na karatasi hazilii. Wakacheka hadi machozi.

Huko juu alikuta kiti chenye mgongo na watu wapole, wala hawakuwa wavivu. Kila mmoja alishinda akijibu alichoulizwa na mwingine. Lakini muuguzi wa kuziba pengo lake hakuletwa. Kila akishuka alimkuta yule kijana anakimbia peke yake, kitanda hadi kitanda, na yale maneno mengi yamekwisha.

Asubuhi moja akipita mlangoni, mama mmoja alimshika sketi. Mwanawe alikuwa akihangaika kupumua, na kijana yuko chumba cha pili na mtoto mwingine aliyezidiwa. Shangazi akaweka makabrasha sakafuni, akampakata mtoto, akamwekea oksijeni, akakaa naye hata kifua kikatulia. Alipoinuka, akaenda moja kwa moja kwa afisa utumishi.

"Nirudishe chini, mzee. Hata kwa mshahara wa zamani."

Mzee alivua miwani, akakaa nayo mkononi.

"Nikurudishe wapi, mwanangu? Ile nafasi ya wodini haipo tena. Ndiyo tuliyoigeuza tukapata hii yako ya huku."

"Kwa hiyo hata mwingine haletwi?"

"Hakuna pa kumweka."

Siku zote Shangazi alidhani ameacha pengo. Kumbe aliondoka na nafasi yenyewe. Akashuka kumweleza kijana, akijua hana dawa ya kumpa. Kijana alimsikiliza huku akitandika kitanda.

"Hukujua, dada," alisema. "Nishikie shuka upande huo."

Haukupita muda kijana akaacha kazi, akaenda hospitali binafsi. Nusu ya wodi ikafungwa, watoto wakawa wanalazwa wawili wawili kitanda kimoja. Makao makuu yakauliza kulikoni, na swali likaangukia meza ya Shangazi. Aliandika ukweli wote bila kuupaka rangi. Mkuu wake akausoma, akatia sahihi, ukapelekwa. Jibu lililokuja lilimshukuru kwa taarifa nzuri, likaagiza ofisi iongezewe mtu wa kufuatilia suala hilo.

Siku hizi Shangazi hupanda kwa ngazi za nje, asipite wodini.